Mpira wa Breki wa Baba Neema

Siku yangu ya kwanza gereji, pale Kihesa, Iringa, nilimsalimia fomeni "Kamwene," akaitikia akiwa amelala chini ya pikapu kuukuu ya mkulima mmoja. Hakutoka. Alinionyesha mpira wa breki, ule unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli. "Gari ukiliinua," akasema, "kila kilichokuwa karibu kinakuwa mbali. Kifuate."

Nikawa fundi wa kuinua magari. Msidhani ni kubandika matairi makubwa ili gari lionekane lina kifua. Unaongeza majani ya springi, unafunga yu-bolti ndefu za kuzishika springi kwenye ekseli, unatafuta shokapu ndefu, halafu unabadilisha mpira wa breki. Ukiuacha mfupi, siku gurudumu likitumbukia shimoni mpira unavutwa, unachanika, mafuta ya breki yanamwagika. Kihesa tulikuwa na sheria: gari likiteremka mlima na mzigo kwa mara ya kwanza, fundi aliyelifunga anakaa kando ya dereva. Hakuna aliyefunga ovyo.

Baadaye nikahamia Mbeya, gereji moja ya Ilomba. Meneja wa pale alivaa shati jeupe, na chini ya gari sikumwona hata siku moja. Nilipomweleza sheria yetu akanicheka. "Fundi aende kutalii na mteja? Magari yanasubiri."

Baba Neema alibeba viazi kutoka milimani. Pikapu yake ya zamani ilikwama kwenye matope kila masika, viazi vikamwozea. Akaja na mkewe. Nikaiinua, nikaivisha matairi mapana, ukabaki mpira wa breki tu. Ule wa zamani ulikuwa umekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia meneja mbele yao: gari hili halitoki. Nikaenda Soweto, mtaa wa palepale Mbeya, kutafuta mrefu. Niliporudi nao mkononi, gari halipo.

"Meneja kasema breki zinashika," mwenzangu akanijibu, macho yakiwa chini.

Uwanjani breki zote zinashika. Nilipiga simu mpaka nikachoka, huko milimani mtandao hakuna. Kesho yake, akiteremka na viazi, gurudumu la mbele lilitumbukia kwenye korongo na mpira ukachanika. Baba Neema hakufika chini akiwa hai.

Msibani meneja alikuja na mchele, akaomba kusema neno. "Tumshukuru Mungu," akasema. "Kazi yake haina makosa."

Nikasimama. "Mungu usimsingizie. Gari lile hakulitoa yeye gereji. Umelitoa wewe."

Wazee wakanivuta koti. Kaa chini, baba, mambo hayo yana mahali pake. Mahali gani? Nimestaafu, magoti yamekwisha, na mpaka leo hakuna aliyenionyesha hapo mahali. Vijana wananiletea picha za magari yao yaliyoinuliwa, eti mzee, limependeza? Nawauliza mpira wa breki mmebadilisha, wanacheka kwamba mzee ana hasira. Ninazo, tena nyingi, na sioni haya.

Maana siku ile, mikono ya wazee ikiwa bado kwenye koti langu, Mama Neema aliinua kichwa pale mkekani.

"Mwacheni aseme," akawaambia. "Alipokataza, nilikuwepo."