Safu ya Masanduku ya Mawe

"Mama Mkubwa, unajuaje kama kifuniko hiki ni cha huyu na si cha yule?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, nimesimama kwenye tope na ndoo ya chokaa mkononi, siku vifuniko vya makaburi vilipokuwa vinarudishwa mahali pake. Alifinya jicho moja, akatazama pima maji, akasema, "Ndoo hiyo imebeba chokaa au imebeba maswali? Ilete." Nikaipeleka.

Mama Mkubwa ni dada yake mama, kifungua mimba wa bibi yetu. Kazi yake ni kutunza makaburi ya wageni. Ndivyo watu wanavyoyaita, ingawa waliozikwa mle wamekaa katika mji huu muda mrefu kuliko sisi sote. Walikuja kwa meli zamani, wengine kujenga madaraja, wengine kushona, wengine kuuza misumari na taa, na waliofanikiwa wakajijengea makaburi ambayo mpaka leo yananichanganya. Kuna moja lina kuba na nguzo nane, na ngazi inayopanda bila kufika popote. Jingine lina mlango wa chuma na dirisha la vioo vya rangi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini wafu wana dirisha wakati jikoni kwetu hakuna hata tundu. Akaniambia niende nikamuulize dada yake, maana yeye ndiye anayeishi nao.

Na kweli anaishi nao. Chumba chake kiko langoni, upande wa kulia ukiingia. Kina kitanda, jiko la mafuta, na ubao wa misumari ulioning'inizwa miko, tindo za ukubwa mbalimbali na timazi ya mumewe ya kupimia wima wa ukuta. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi mawe pale, yeye akiwa msaidizi wake wa kuchanganya chokaa na kushika kamba. Alipofariki, kamati ya makaburi ilitafuta mwanamume wa kushika kazi, ikatafuta, ikatafuta, mpaka ikasahau inatafuta nini. Funguo zikabaki kwa Mama Mkubwa. Wachuuzi wa nje wanamwita Mama Chokaa kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo haviishi weupe hata akienda harusini.

Kila likizo napelekwa kwake. Namfuata nyuma anapowatembeza watu wanaokuja kuangalia ujenzi wa zamani, wanafunzi wenye madaftari na wazee wenye kamera. Hasomi maelezo popote, yote yako kichwani.

"Tao hili limeshikwa na jiwe moja tu, lile la juu katikati," huwa anawaambia. "Likichomoka umelala hapahapa. Uzuri wake, hutasumbua mtu kukutafutia mahali."

Watu hucheka huku wakirudi nyuma hatua moja.

Sehemu wanayoipenda zaidi ni safu ya pili, penye masanduku matano ya mawe. Hayo ni makaburi ya maseremala watano waliokuja kwa meli moja. Walikubaliana kwamba kila atakayekufa achongewe sanduku la safari kama lile aliloshuka nalo melini, lenye mikanda, kufuli na vishikio, vyote vya jiwe. Mchongaji alikuwa mmoja na kipimo chake kilikuwa kimoja. Ukiyatazama huwezi kutofautisha hili na lile. Jina la mtu liko juu ya kifuniko tu. Nikiwa mdogo nilikuwa na hakika kwamba ndani mna nguo zilizokunjwa.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, mizizi ilikuwa imeingia chini ya safu ile, maji yakawa yanapita kwenye viungo. Kamati ikaamua irekebishwe. Vifuniko vikashushwa, kila kimoja kwa wanaume wanne na magogo, vikapangwa kwenye nyasi. Mama Mkubwa alivitia alama za chaki pembeni, mstari mmoja, miwili, mitatu, na alama kama hizo kwenye masanduku yenyewe. Ndivyo mumewe alivyomfundisha. Kazi ile siku zote huisha kabla jua halijageuka, kwa hiyo chaki inatosha.

Siku hiyo kazi haikuisha. Tulikuwa tunakula mchana mvua ikashuka ghafla, ya kumwaga kwa ndoo. Ilipokatika nilitoka kukanyaga madimbwi, nikaona maji meupe yakitiririka kutoka kwenye vifuniko. Nikayafuata mpaka mtaroni. Nilidhani ni jambo zuri. Wapagazi nao walikuwa wamesogeza baadhi ya vifuniko ili kupisha toroli. Baadaye kidogo nikamkuta Mama Mkubwa amesimama katikati ya vifuniko, mikono kiunoni, akivitazama kimoja kimoja. Halafu akaanza kuelekeza: kile hapa, hiki pale. Kila kifuniko kilikaa sawasawa, bila kuyumba. Hapo ndipo nilipouliza swali langu.

Miaka minane ikapita. Nikaingia kidato cha tatu na kuyasahau yale maji meupe.

Likizo hii nilimkuta Mama Mkubwa amekonda. Mezani palikuwa na barua. Mwanamke mmoja, mjukuu wa mmoja wa wale maseremala watano, anakuja kutoka mbali. Baba yake alizaliwa hapa, akaondoka akiwa kijana, na sasa amefariki. Alichoagiza ni kimoja tu: majivu yake yawekwe ndani ya sanduku la baba yake. Kamati imekubali, kifuniko kitafunguliwa Jumamosi.

"Si jambo jema hilo?" nikamuuliza.

"Jema sana," akasema, akaniletea daftari kuukuu la makaburi. "Macho yangu yamechoka. Nisomee safu ya pili."

Nikasoma. Majina matano, na mbele ya kila jina: sanduku, safu ya pili.

"Haikuandikwa la ngapi? Kutoka ukutani?"

"Hakuna."

"Soma tena."

"Mama Mkubwa, nikisoma mara kumi litabadilika?"

Akalifunga daftari, akaenda kupanga tindo ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Siku tatu hizo alikuwa anakwenda kwenye safu, anapiga goti, anapitisha kidole kwenye viungo, anarudi. Aliniambia niwe naosha vyombo. Sikuelewa kitu, nikadhani ni uzee.

Ijumaa mchana mwenyekiti wa kamati alikuja na mwavuli wake ambao haufunguliwi hata mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa dirishani, na dirisha la chumba kile halifungi vizuri, kwa hiyo nisilaumiwe.

"Mama Chokaa, umesema nini kwenye simu? Rudia, nadhani nilikusikia vibaya."

"Ulinisikia vizuri. Alama zilifutika. Nilivirudisha kwa kukisia."

Ndipo maji meupe yakanirudia kichwani: ile ilikuwa chaki.

"Nani mwingine anajua?" mwenyekiti akauliza.

"Aliyekuwa akijua ni mimi. Sasa tuko wawili."

Tulikuwa watatu, lakini nikanyamaza.

"Basi tubaki wawili. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Huyu mama amevuka bahari, ana majivu ya baba yake kwenye mkoba. Atafunguliwa kaburi lenye jina la babu yake, atalia, atashukuru, ataondoka. Nani ameumia?"

"Mzee, nikimlaza mtu pembeni ya asiye baba yake, na aliniachia neno moja tu?"

"Hakukuachia wewe."

"Limefika kwangu. Funguo ninazo mimi."

"Funguo ni za kamati," mwenyekiti akasema taratibu. "Na hiki chumba pia."

Nilitamani Mama Mkubwa amkubalie. Nasema kweli. Nilimwona akilini analala kwenye mkeka wetu sebuleni, amebeba timazi yake, mama akigombana naye kila asubuhi kuhusu chumvi. Halafu nikamfikiria yule mzee ndani ya mkoba, nikatamani asikubali. Nikabaki hivyo, nikitaka yote mawili.

Jumamosi mgeni akaja. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, amevaa viatu visivyofaa kwenye kokoto. Alikizungumza Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini alikijua, baba yake alikuwa akizungumza naye. Wanaume wanne walishasimama na magogo. Mwenyekiti alishatoa karatasi ya hotuba.

Mama Mkubwa akasogea. "Dada yangu, kabla hawajanyanyua. Nina neno, na neno lenyewe ni la aibu yangu mimi, si ya hawa."

Akamweleza yote, chaki, mvua, toroli. Hakupunguza. Mwenyekiti alikunja hotuba yake mara nne, mpaka ikawa ndogo kama tembe.

Mgeni alitazama masanduku yote matano. "Kwa hiyo babu yumo humu," akasema.

"Yumo. Katika haya."

"Lakini hujui lipi."

"Sijui lipi."

"Kwa nini umeniambia?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Alikuwa anauliza kama mimi ninavyouliza.

"Kwa sababu ungeniuliza kama nimemlaza vizuri, dada. Na mimi ningesema ndiyo."

Mgeni akakaa kwenye kishikio cha sanduku la mwisho, mkoba mapajani. Wanaume wakatua magogo. Hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Mwishowe mgeni akasema anarudi hotelini, akaondoka. Nilijua basi, imekwisha.

Jumatatu alirudi na viatu vya kamba. Akasema kaburi lisifunguliwe lolote, hataki kumsumbua asiyemhusu. Akaonyesha njia ya kokoto inayopita mbele ya safu nzima. "Hapa. Katikati. Baba alikuwa mtu wa kupiga hodi, atawapigia wote." Mama Mkubwa alichimba mwenyewe, hakukubali kusaidiwa, akapanga mawe juu moja moja hadi njia ikawa sawa. Mgeni akamshika bega. Sikujua kama ni kusamehe au ni kujishikilia asianguke, na sidhani hata wao walijua.

Kamati ilikaa siku mbili baadaye. Walimwachia chumba lakini funguo wakampa kijana mmoja, na kuanzia sasa atakayewatembeza wageni ni huyo kijana, akisoma kwenye karatasi. Mama Mkubwa ameachiwa chokaa.

Jioni hiyo tulikuwa tunaosha miko karibu na bomba. Nikaona nimeshakuwa mkubwa kiasi cha kuuliza tena.

"Mama Mkubwa, siku ile ya mvua, ulijuaje kifuniko kipi ni cha nani? Hata kidogo?"

Alisugua mwiko mpaka ukang'aa, akaugeuza, akasugua upande wa pili.

"Viwili nilikuwa na hakika navyo," akasema. "Wapagazi hawakuvigusa. Vitatu ndivyo nilibahatisha. Sasa mwanangu, tangu barua ile ije nimejaribu usiku na mchana, na sikumbuki tena vile viwili vilikuwa vipi."