Betri Kwenye Jiwe

Juzi nilimkuta bibi ameanika betri za redio kwenye ungo, zipate jua. Mwalimu wetu wa fizikia angelia. Nilitaka kumtania bibi, nikakumbuka betri ya lori.

Nilikuwa bado mdogo mchana ule lori la mahindi lilipotutoa Mwese, mimi, mama na mdogo wangu Tabu aliyekuwa akichemka kwa homa, tukimkimbiza hospitali Mpanda. Njia nzima nilimwonyesha Tabu kitaa chekundu mbele ya dereva. Nilidhani ni jicho la gari, na likiwa wazi tutafika.

Kwenye kijito dereva alizima injini aongeze maji kwenye rejeta. Haikuwaka tena. Kusukuma hakukuwezekana, mbele kilima, nyuma kilima.

Alifunua boneti, harufu ya tindikali ikanichoma pua. "Betri ni mpya hii," alisema. "Altaneta ndiyo haiichaji. Kitaa kiliniambia tangu asubuhi, nikakipuuza."

"Si muianike?" nikasema. "Bibi anaanika zake, redio inaimba."

Utingo alicheka mpaka akakaa chini. "Dogo fundi huyu."

Dereva alimtazama mama, hakucheka. Aliifungua ile betri, akaiweka juu ya jiwe, juani.

"Imeiva?" Tabu aliniuliza.

"Bado kidogo."

Waliirudisha, lori likasema tik, likanyamaza. Wakaianika tena. Hakuna gari lililopita. Jua lilipoanza kuzama niligeuka nimwambie Tabu bado kidogo, nikakuta mama amemfunika khanga mpaka usoni.

Nilidhani anamkinga na inzi.