Pedi Namba Mbili

Mimi nilikuwa namfunga mwenzangu. Hilo nalitanguliza kwa sababu nililitangaza Nshamba nzima, mpaka wanunuzi wa kahawa walilijua. Miaka miwili, kila Jumamosi tukishaanika kahawa za nyumbani, tulikuwa banda la gemu, kwenye benchi mbele ya tivii, tukicheza mpira wa kwenye kioo. Nne moja. Tano bila. Namwambia mabeki wake ni migomba, wanasubiri upepo uwaangushe. Anacheka, anasema, "Waitu, ndugu yangu, leo umeniweza."

Alikuwa rafiki yangu tangu darasa la tano. Nilipovunjika mkono alinibebea begi muhula mzima. Yeye walipomcheka viatu, nilipigana na watu watatu, nikapigwa na wote watatu. Bibi yangu alituita abanywani, jina la watu wa zamani walioapiana undugu kwa kugawana buni mbili za tunda moja zikiwa na damu yao. Sisi hatukuchanjana, lakini ungemsema vibaya mbele yangu ungenijua.

Alinifunga siku moja tu, mwanzoni. Dakika za mwisho, bao la kijinga. Nikabamiza ukutani pedi, kile kidude chenye vitufe tunachochezea. Hasira zangu haziko mbali. Mwenye banda akanifukuza wiki mbili, na niliporudi nilimkuta rafiki yangu ameshakaa, ana pedi mkononi, nyingine kaniwekea upande wangu. Zote zilionekana nzima. Mwenye banda alikuwa amezipaka namba kwa rangi ya kucha ya mkewe: yangu moja, ya mwenzangu mbili. Toka hapo hatukubadilishana. Hata sikuuliza.

Halafu mjomba wake akamwita Bukoba, akajifunze kutengeneza madirisha ya alumini kule Kagondo. Aliondoka Jumatatu. Jumamosi miguu ikanipeleka bandani yenyewe, nikacheza na mashine. Mashine haicheki ukiisema. Unafunga bao, unageuka pembeni uongee, benchi tupu.

Jumamosi kama ya nne hivi nilikuta namba moja imechukuliwa tivii ya pili. Nikashika namba mbili. Nikampa winga mpira, nikabonyeza kitufe cha mbio, winga anatembea. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Nikaipuliza, nikaigonga kwenye goti. Mwenye banda hata hakuinua kichwa.

"Hiyo haikimbii tangu ulipoibamiza. Mwenzako alikuwa anajua."

Nilitaka kumgombeza mtu, sikupata wa kumgombeza. Miaka miwili nimemfunga mtu asiyeweza kukimbia, na nimemwita mgomba.

Nikaamua: nitacheza na namba mbili mpaka niiweze mashine kwenye kiwango cha juu kabisa, ndipo niende Bukoba nicheze naye pedi nzima kwa nzima, nijue kama kweli najua. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungwa saba na mashine, nikafungwa nane. Hasira zikipanda naiweka pedi chini taratibu kama yai, natoka nje, nazunguka kibanja cha jirani, narudi. Polepole nikaona kitu. Mchezaji wako akiwa hakimbii, unalazimika kutazama ile ramani ndogo chini ya kioo na kupasia pale mwenzake atakapofika, siyo pale alipo. Ukiwa na beki humkimbizi mtu, unasimama njiani. Nikajikuta nacheza kama yeye. Zile pasi zake za kizee nilizokuwa nazicheka, sasa nilijua zilitoka wapi. Kila nilichokigundua alikuwa ameshakigundua, akiwa amekaa pembeni yangu.

Siku nilipoifunga mashine mbili moja, bandani hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Nikaenda Bukoba Jumapili baada ya misa. Alinipokea vizuri, kanenepa kidogo, mikono ina makovu ya alumini. Banda la kwao lina pedi mpya. Nilipotaka kukaa, akaniuliza nataka ipi. Nikasema yoyote.

Alinifunga nne moja. Nilicheza vizuri, sisemi uongo. Lakini nilimwona kwa mara ya kwanza akikimbia. Anaitazama ramani huku anakimbia, vyote viwili kwa pamoja, unafanya nini hapo? Watu wa pale walikuwa wamezoea, hawakushangaa hata kidogo.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia ile pedi ni mbovu?"

"Ungeivunja na ile nyingine," akasema. "Halafu tungecheza na nini?"

Nilikuwa nimekuja na neno la kumwomba msamaha, nimelipanga njia nzima. Kabla halijatoka, vijana wawili wakamwita kutoka mlangoni kwa jina la utani nisilolijua, wanamngoja wakacheze mpira wa kweli kule ufukweni. Akaniambia twende. Nikasema nitachelewa gari la Muleba la kunirudisha nyumbani. Muda wa gari ulikuwa bado mbali.

Siku hizi bado naenda bandani Jumamosi. Nakaa upande ule aliokuwa anakaa, nashika namba mbili. Namba moja naiweka upande wa pili wa benchi, na akija mtu yeyote, hata asiyejua kucheza, namwambia akae, ashike hiyo. Juzi mmoja alinifunga, akanicheka sana.

"Umeniweza," nikamwambia, nikaomba turudie.