Jani Nje, Sashe Ndani

Harufu ya muhogo uliolowekwa siku nne haimpendezi mtu yeyote, na sitajifanya kwamba ilinipendeza mimi. Imechacha, inakaba koo, inaingia kwenye nguo za shule na kukaa nawe darasani kama mwanafunzi wa ziada. Lakini ukiichanganya na mvuke wa majani mabichi yanayochemka ndani ya pipa, na moshi wa kuni zenye unyevu, na udongo wa mtaa wetu wa Mangobo baada ya mvua, unapata harufu ya uwanja wa nyumba yetu. Ungenifunga macho popote Kisangani nilipokuwa na miaka kumi na miwili, ningefika nyumbani kwa pua tu. Mama alikuwa mtengenezaji wa kwanga, ule mkate wa muhogo unaopondwa, ukakandwa, ukafungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke mpaka ugumu wake uwe kama wa kisigino cha mtoto. Mtaa mzima ulimwita Mama Bea, kwa sababu Bea ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Jina langu liliitwa sokoni kutwa nzima, na mara nyingi haikuwa mimi niliyehitajika.

Siku hizi watu huitwa kwenye semina, wakapewa soda, wakafundishwa jinsi ya kuishi bila kuharibu mazingira. Mama hakuwahi kuitwa. Kwake kitu hakikutupwa kabla hakijafanya kazi mbili, na kama kilionyesha dalili ya nguvu, kilitafutiwa ya tatu. Maganda ya muhogo yalianikwa, yakaenda kwa nguruwe wa jirani, yakarudi kwetu kama mbolea ya migomba. Chupa ya mafuta ya mawese ilisuguliwa kwa jivu na mchanga, ikarudi kwa muuzaji kujazwa tena. Moto wa kwanga ukishamaliza kazi, makaa yaliyobaki yaliivisha maharagwe. Maji ya mvua yalikingwa kwa kila chombo chenye mdomo. Na jani lililofunga kwanga lilikuwa sahani ya mlaji, kisha likaenda kwa mbuzi, ambaye ndiye aliyekuwa gari letu la taka na hakuwahi kugoma hata siku moja. Mimi niliuona mpango wote huo kuwa ni umaskini uliokunjwa vizuri. Nilitaka kitu kinachotupwa. Nilitamani sana, kwa kweli, kuwa mtu anayetupa.

Msimu ninaoukumbuka ni wa mvua, na sikumbuki kama nilikaa chini mara moja. Miguu yangu ilikuwa na mambo yake. Ndio wakati mifuko myepesi ya plastiki, ambayo sisi tunaiita sashe, ilipoanza kushinda majani sokoni. Karanga zikaingia kwenye sashe, pondu, yaani kisamvu, ikaingia kwenye sashe, hata chumvi ya kulamba tu ikafungiwa sashe yake kama mzigo wa kusafiri. Mama hakutaka hata kuizungumzia. Mteja wake mkubwa alikuwa Mama Zawadi, mwanamke wa safari za mtoni, aliyepanda boti la mbao lenye mota kwenda kuuza upande wa Yanonge na Isangi. Kila safari alichukua kwanga sitini. Alizichukua kwa Mama na si kwa mwingine, kwa sababu kwanga ya Mama ilikaa zaidi ya juma zima ndani ya majani bila kubadilika, na mtoni hujui mota itakuangusha lini. Hizo sitini ndizo zilizolipa shule yetu. Mama alizifunga majani matatu kila moja, mawili ndani na moja nje. Sitini mara tatu ni mia na themanini. Niliipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko sala.

Majani yalikuja kwa mtumbwi kutoka vijiji vya mto unakoelekea, na aliyeyauza ufukweni alikuwa bibi mmoja tuliyemwita Koko, kama tunavyowaita mabibi wote. Fungu moja, majani thelathini. Siku moja ya msimu huo Mama alinituma peke yangu kwa mara ya kwanza, nami nikaenda na tumbo limejaa maneno ya kubishana bei. Nilimwambia Koko kwamba majani yake yamelala. Nilimwambia kwamba kuna mwingine ng'ambo anayeuza kwa nusu. Hakukuwa na mwingine ng'ambo. Nilijifanya naondoka, nikarudi, nikaondoka tena, mpaka akanipa mafungu sita kwa bei ya manne. Niliyahesabu mafungu: sita. Koko akanitazama akitafuna kitu chake.

"Fungua, hesabu ndani," alisema. "Mutoto wa mutu asiseme nilimwibia."

"Hapana Koko, nimeisha hesabu."

"Umehesabu kamba. Bon. Enda."

Sikutaka kufungua kwa sababu niliogopa asije akabadili mawazo kuhusu bei. Nilipiga mbio hadi nyumbani nikiwa tajiri. Mama alikuwa ameshakanda unga wote, na alikuwa amevaa kitenge cha kwenda msibani, mtaa wa pili, ambako kwaya yao ilitakiwa. Akanitazama mimi, akayatazama mafungu, akasema nizifunge zote sitini, nizipange ndani ya pipa, niwashe moto, atarudi kabla hazijaiva. Hakuwahi kuniachia kazi ya kufunga. Ilikuwa kama kupewa ufunguo wa nyumba.

Nilifungua fungu la kwanza. Nje, majani mapana yanayong'aa. Katikati, vijani vya kiganja, vilivyochanika, vilivyotobolewa na wadudu. La pili hivyohivyo. Koko hakuniibia, aliniuzia sawasawa na nilicholipa. Majani mazima yalikuwa mia na arobaini. Nilihesabu tena, yakabaki mia na arobaini, na kuanzia siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili na sijali nani anacheka. Arobaini mara tatu ni mia na ishirini. Yanabaki ishirini, na kwanga ishirini bado ziko uchi.

Ningeweza kukimbia msibani kumwambia Mama. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nilishinda kwenye bei? Mbele ya lango letu kulikuwa na kibanda, na kwenye kibanda kulikuwa na sashe nyeupe, safi, ishirini na tano kwa pesa iliyobaki mkononi mwangu kutokana na ushindi wangu. Nikazinunua. Nikafunga kila kwanga ndani ya sashe, juu yake nikaizungushia jani moja, nikakaza kamba. Jani nje, sashe ndani. Ukiiangalia ilipendeza kuliko ya Mama. Makombo ya unga yalinitosha kutengeneza ya ishirini na moja, ndogo kama ngumi, isiyo na jani kabisa, nikajiwekea.

Mama aliporudi, alisimama langoni akinusa.

"Harufu hii iko ya nini?"

"Mutu alitupa sashe motoni, Mama."

"Mutu gani?"

"Batoto."

Alifoka juu ya watoto wa siku hizi wanaochoma plastiki kwenye chakula cha watu, kisha akaandaa magunia. Asubuhi kwanga sitini zikapakiwa kwenye toleka, baiskeli ya kubeba watu na mizigo, zikashuka hadi ufukweni. Nilikuwa nimezichanganya vizuri mno. Hata kama ningetaka kuzitoa ishirini zangu, nisingezijua.

Sijui kama umewahi kungoja boti ambalo hutaki lirudi. Nilihesabu siku kwa vidole, nikazihesabu tena labda nimekosea kwa faida yangu. Ile kwanga yangu ndogo niliificha nyuma ya pipa la maji, na kila nikitoka shule niliichungulia. Siku ya pili ilikuwa inatoka jasho ndani ya sashe, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Siku ya tatu ilikuwa na utelezi. Siku ya nne ilikuwa na madoa ya rangi ya waridi, na nilipoifungua mbuzi alisogea, akanusa, akaniangalia kwa dharau na kwenda zake. Kwenye kapu la Mama zilikuwepo kwanga za majani alizofunga mwenyewe kabla ya zangu, kavu, ngumu, zimetulia. Basi nilikwisha kujua. Nilijua kwamba mahali fulani huko mto unakoelekea, watu walikuwa wanafungua majani ya Mama Bea na kukutana na uozo. Nilijua, na bado nilikula, nikaenda shule, nikaimba kanisani, nikakimbia kila nilipotumwa na hata nisipotumwa, kwa sababu nikisimama tu Mama angeniona usoni. Alidhani nina minyoo. Alinipa dawa chungu, nikainywa bila kubishana, jambo lililomtia wasiwasi zaidi.

Mama Zawadi alikuja siku ya tisa, moja kwa moja kutoka kwenye boti, miguu ina matope. Hakusalimu. Alisimama katikati ya uwanja, akatoa kwenye mkoba sashe moja nyeupe iliyonyauka, akaitandaza juu ya kinu.

"Mama Bea, angalia mambo yenye ulinifanyia. Nilirudisha falanga ya batu mbele ya boti muzima. Baba mumoja alinitupia kwanga hapa kifuani. Hapa!"

"Hiyo haiko yangu," Mama alisema.

"Haiko yako? Kamba iko ya nani? Jani iko ya nani? Ulisikia bei ya majani imepanda, ukasema huyu muzee wa kike ni wa safari tu, hataona. Donc mimi naacha. Kuna mama ng'ambo atanifungia."

Majirani walishaanza kujipanga kwenye uzio wa mianzi. Mama alikuwa mtu wa kwaya, shemasi kanisani kwetu, na hakuwa na kitu kingine cha kuweka mezani ila neno lake. Akafuta mikono kwenye kitenge. Akainua mkono wa kulia juu, mbele ya uzio wote.

"Mungu ananiona. Kama mimi nilitia sashe ndani ya kwanga ya mutu, basi mikono hii..."

Sikujua angeiombea nini mikono hiyo, na sikutaka kujua. "Mama, usiape!" nilipiga kelele. "Iko mimi. Majani hayakutosha. Iko mimi nilitia, ishirini."

Mama Zawadi akapiga makofi mara moja. "Ah! Kumbe mwenye kampuni ni huyu! Directrice mwenyewe!" Uzio ukacheka. Mama hakucheka. Alishusha mkono polepole, kama mtu anayeteremsha ndoo iliyojaa.

"Kwanga zenye zinatoka kwa uwanja yangu ziko zangu," alisema. "Mutoto naye iko wangu. Zile ishirini nitalipa. Safari yenye inakuja, chukua sitini, lipa arobaini."

"Na nitajuaje ndani?"

Mama akaingia jikoni, akarudi na kisu, akampa kwa mpini. "Chagua yoyote. Pasua."

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia hapo. Kabla ya kila safari Mama Zawadi alifika na kukaa kwenye kigoda, akachagua kwanga moja kutoka ndani kabisa ya gunia, akaipasua katikati, akayahesabu majani: moja, mbili, tatu. Mama alisimama pembeni akilishikilia gunia. Hakuna aliyewahi kumkagua kabla ya hapo. Aliendelea kukaguliwa kwa sababu yangu kwa miaka mingi, mpaka Mama Zawadi alipozeeka na kuacha mto, na ile iliyopasuliwa tuliila sisi, nami sikuwahi kuimaliza yangu.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga, ingekwisha siku hiyo. Alisema tu kwamba kila siku, kabla sijala, niokote sashe ishirini kwenye mtaro wa mbele ya nyumba, nizioshe, nimletee azihesabu. Nikauliza mpaka lini. "Mpaka nitasema basi." Zilizo nzima alimpelekea mtu wa miche, akaoteshea parachichi na michikichi. Zilizochanika zilibaki ndani ya pipa lenye mfuniko, kwa sababu hakuruhusu zichomwe, na hicho ndicho kitu pekee ambacho Mama alishindwa kukitafutia kazi ya pili. Nilimwona akikizungukazunguka, kimemkera kabisa.

Leo nina uwanja wangu, si mbali na ule. Nikienda sokoni nabeba kikapu na bakuli langu, na nikikataa sashe nadai nipunguziwe bei yake. Wauzaji wanasema kwamba nimerukwa na akili, halafu wanapunguza ili niondoke. Maganda yangu yana nguruwe wanaoyajua. Pikipiki zimefukuza baiskeli nyingi, kwanga yenyewe sasa inapikwa ndani ya plastiki bila jani hata la kudanganyia, watu wanaila na kunishauri nitulie. Situlii. Nikisikia mvua inaanza, natoka na fimbo kuuzibua mtaro, maana maji yakikosa njia yanaingia ndani kwetu wote, pamoja na wanaoniambia nitulie.

Mama yuko hai, anaona kidogo, anasikia anachotaka. Hajasema basi, nami sijauliza. Kila asubuhi kabla ya kula naokota zangu ishirini. Wakati ule ilinibidi niufuate mtaro wote, nivuke nyumba tisa, nipite kanisani, niingie hadi uwanja wa mpira ndipo nipate ya ishirini, na siku nyingine nilirudi na kumi na saba nikiomba msamaha. Siku hizi nazipata zote ishirini mkono wangu wa kushoto ukiwa bado umeshika mlango. Nazihesabu tena, kwa sababu siamini. Ni ishirini.