Sahihi Mbili za Fundi Koki

Mtaa mzima ulimwita Fundi Koki, na hata mkewe, akiwa amechukia, alimwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga maji. Asubuhi alitoka na ufunguo wa chuma unaomfika kiunoni, akainua kifuniko cha shimo pale njia panda, akazungusha: leo mtaa wa juu, kesho mtaa wa chini, na asiye na zamu avumilie. Miaka ishirini na sita alifanya hivyo bila kugombana na mtu, na kwa mgawa maji hilo si jambo dogo. Siri yake ilikuwa moja tu, hakuwahi kumwambia mtu hapana. Alisema "tutaona", na watu wakaenda zao wameridhika.

Kisha yakaja maghorofa. Palipokuwa na nyumba ya mjane mmoja na kuku wake pakasimama jengo la ghorofa sita, na la pili likachimbiwa msingi kabla la kwanza halijapakwa rangi. Majitaka yakaanza kufumuka barabarani. Darasa la kwanza likawa na watoto mia na kumi, wengine wakiandikia magotini. Watu walichoka, na walikuwa na haki ya kuchoka. Mwenyekiti wa mtaa, fundi cherehani mstaafu ambaye bado alimtazama kila mtu kana kwamba anampima suruali, akaandika barua kwa ofisi ya maji na kuipitisha nyumba kwa nyumba.

Kwa Fundi Koki alikuja pia na swali: bomba hili lililazwa kwa ajili ya nyumba ngapi? Fundi akajibu bila kupepesa macho kwamba nyumba mia mbili, na sasa linahudumia zaidi ya mia nane. Mwenyekiti akayaandika maneno hayo pale pale na kumsomea. Fundi akaona yamekaa vizuri kwenye karatasi, akatia sahihi. Mstari wa chini hakuusoma. Ulisema jengo jipya la ghorofa sita lisiunganishiwe maji hata tone mpaka bomba kubwa lilazwe.

Siku mbili baadaye akaja binti yake, ambaye alikuwa amehamia ghorofa ya nne ya jengo hilo hilo, yeye na mumewe, baada ya miaka mitano ya kulala sebuleni kwa baba nyuma ya pazia. Alikuwa mjamzito, miezi sita, na mkononi ana karatasi ya wapangaji wanaoomba maji. Mgongo ulikuwa unamuua kwa kupandisha madumu. Fundi akatia sahihi kwa kalamu ile ile, wala hakuona tatizo. Karatasi moja ilisema bomba halitoshi, nyingine ilisema watu wana kiu. Uongo uko wapi hapo?

Jumamosi ofisi ya maji ikaitisha mkutano shuleni. Watu wazima walijikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamekaribia kidevu. Mhandisi, mwanamke kijana na mpole, akaziweka barua zote mbili mezani, akasema kila upande umemtaja fundi kuwa shahidi wake. Watu wakacheka, kisha wakamgeukia.

"Fundi, sahihi yako iko huku na huku," akasema mhandisi. "Nifuate ipi?"

"Zote ni kweli, mama."

"Sikatai. Lakini sikuulizi ukweli. Nakuuliza nifanye nini."

Mwenyekiti akamwambia asiogope, aseme tu. Binti yake, kutoka upande wa dirishani, naye akamwambia aseme tu, na hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa, maana kila mmoja aliamini fundi yuko upande wake, na wote wawili hawakukosea. Akasema tutaona. Mhandisi akasubiri. Mwishowe fundi akasema hajui, akaketi.

Mhandisi akasema ikiwa anayelijua bomba hajui, yeye hawezi kuliongezea mzigo, jengo lisubiri. Watu wakapiga makofi, wakampa mikono, wakamwita mkombozi wa mtaa. Fundi akaipokea mikono yote huku akimtafuta binti yake kwa macho, lakini alikwisha kutoka. Nyumbani mkewe alimwekea sahani mbele yake na kumwambia, "Kula, Fundi Koki."

Jumatatu ilikuwa zamu ya mtaa wao. Kwenye bomba la uani kwa fundi foleni ilifika barabarani, na binti yake alikuwemo na ndoo mbili. Jirani aliyesimama nyuma yake, ambaye alikuwa akimsuka nywele tangu akiwa mdogo, akasema, wala si kwa ukali, kwamba maji haya ni ya wakazi, na barua imeshasema.

Binti alimgeukia baba yake.

"Baba, mimi ni wa mtaa huu au si wa mtaa huu?"

"Umezaliwa hapa."

"Basi kwa nini mmenihesabu na wageni?"

Fundi alimwonea huruma na kumwonea haya kwa pamoja. Lakini kwenye foleni walisimama watu aliowafungulia maji miaka yote, na ndoo zao zilikuwa tupu vile vile. Tena mgeni ni nani? Hata aliyehamia juzi, asiyejulikana atokako, si anakunywa maji? Na wakinywa wote, bomba je? Wazo hilo halikumfikisha popote. Akazijaza ndoo mbili, akazibeba mwenyewe, na watu wakampisha.

Ghorofa ya tatu akasimama kupumua. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke asiyemjua, mtoto yuko mgongoni. Alizitazama ndoo, akamwamkia kwa adabu, akamuuliza kama akirudi anaweza kumletea na yeye ndoo moja. Huko chini foleni ilikuwa bado ndefu, na saa nne maji yangefungwa, na mfungaji ni yeye. Fundi akajikuta amesema ndiyo, na hakujua ndoo hiyo ataitoa wapi.