Unachoacha Ubaoni

Nakumbuka Jumapili moja pale Ogembo, mwanangu, nilipokuwa msichana mwenye kichwa kigumu na mkono mwepesi wa kurusha vishale. Sisi wa Nyaramba tulikuwa sare na wenyeji, na mechi yangu ndiyo ingeamua nani aende kucheza Nakuru. Baba alikuwa amesema wazi: nikishindwa, niachane na huo mchezo wa baa. Sikuwa tayari kuuacha.

Unajua unavyochezwa. Unaanza na mia tano na moja, unapunguza kwa vishale vitatu kila zamu, na kishale cha kufunga lazima kipige ukanda mwembamba wa nje unaozidisha mara mbili, ama jicho la katikati lenye hamsini. Raundi ya kwanza nilibakisha hamsini, kishale kimoja mkononi. Watu wakapiga kelele, "Jicho! Jicho!" Nami napenda makofi, mpaka leo. Nikapata pete inayolizunguka jicho, zikabaki ishirini na tano. Zamu iliyofuata nilipoteza kishale kizima kuifanya namba hiyo igawanyike kwa mbili, viwili vikakosa, mpinzani akafunga.

Nahodha wetu, Baba Moraa, mkulima wa chai, akanivuta kando.

"Kerubo, wewe unaangalia kikapu tu. Kwani chai unachuma hivyo? Si unaangalia vile unaacha kichaka, ndio wiki ijayo upate kitu?"

Niliudhika, kwa sababu alisema kweli. Raundi ya pili nikashinda kwa hasira.

Raundi ya tatu, ya mwisho, ikanirudisha palepale: hamsini, kishale kimoja. Mpinzani alikuwa bado na zaidi ya mia mbili, hangeweza kufunga kwa zamu moja. Wakaita jicho tena. Nikapiga kumi na nane.

"Ameogopa huyo!" mtu akacheka.

Zilibaki thelathini na mbili. Zamu yangu ilipofika nikalenga kumi na sita ya ukanda wa nje, kishale kikaingia ndani kidogo, kikahesabiwa kumi na sita tupu. Hofu sikuwa nayo, maana zilizobaki bado ziligawanyika kwa mbili, sasa nilihitaji nane ya ukanda. Nikaipiga. Tukaenda Nakuru.

Basi, mwanangu, alama kubwa zichukue mapema, lakini ukikaribia kufunga, jiulize kishale hiki kikikosa kitakuacha wapi. Mtazame na mpinzani: akiwa mbali, subira haikugharimu kitu, akiwa karibu, thubutu. Nyasae agosesenie, Mungu akubariki, akutulize mkono, na siku watakapokucheka kwa kuchagua njia ndefu, shingo yako isigeuke.