Filamu Iliyosomwa Siyu

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na ukinivumilia nitakusimulia taratibu. Ni siku mjomba wangu Shee aliporudi Lamu kutoka Mombasa, na wachukuzi wakaliingiza sanduku lake la bati nyumbani kwetu Mkomani huku wakilalamikia uzito wake. Mama alidhani ni vyombo vya kaure. Baba alidhani ni vitabu vya dini, akafurahi. Lilipofunguliwa, lilikuwa limejaa karatasi.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini, nami nilikuwa mwari, sijaolewa. Mjomba alikuwa ameendesha mashine ya kuonyeshea picha katika jumba moja la sinema huko Mombasa tangu ujana wake, mpaka macho yakaharibika na kazi ikamshinda. Siku hizo vijana wa pwani walikuwa na homa ya filamu. Walikaa wakaandika hadithi zao, nani anaingia, anasema nini, picha ipigwe kutoka upande gani, kisha wakazipeleka kwa makampuni wakitumaini. Hakuna hata moja iliyopigwa picha. Nyingine zilirudishwa, nyingine ziliachwa pale sinema na wenyewe waliokata tamaa. Mjomba alizikusanya. Mwandishi mmoja mjomba alimfuata hadi nyumbani kwake, akamkuta mkewe ameanza kuwashia jiko zile karatasi, akaziomba zilizobaki.

"Filamu zilizotoka zina watu wengi wa kuzikumbuka," aliniambia. "Hizi zina mimi tu. Na sasa mato yangu hayaoni. Salma, utanisomea?"

Nilijua kusoma. Baba yangu, Mwalimu Athmani, alikuwa akisomesha watoto Kurani, na mimi alinifundisha khati ya Kiarabu. Herufi za Kizungu nilijifunzia kwenye vitabu vya kaka yangu, naye baba akaviazima na kujifunza pia, ingawa hilo hakupenda litajwe mbele ya watu.

Basi kila baada ya Alasiri nikawa naketi uani na mjomba, namsomea mswada mmoja baada ya mwingine. Mama akasogea na kofia aliyokuwa akiishona. Akaja jirani yetu Bi Khadija, akaja na dada zake, na wengine wakafuata. Sisi wanawake hatukuwa tukienda kutazama picha zilipoonyeshwa mjini, kwa hiyo uani kwetu ndiko kulikokuwa sinema yetu. Bi Khadija hakunikubalia kuruka mahali palipoelezwa nguo. Nikiruka, alijua, akanirudisha.

Baba hakulipenda jambo hilo. Siku moja aliingia akakuta ua umejaa wanawake wanamlilia bwana ambaye hakuwahi kuwapo duniani. Walipoondoka akasema, kwa sauti yake ya upole, ile ambayo haikuwa na mjadala, "Salma, watu huleta watoto wao hapa wasome maneno ya Mungu. Karatasi hizi zitoke."

Mjomba akainamisha kichwa. Alikuwa anakaa kwa shemeji yake, haoni, hana mahali pengine pa kwenda. Nikaona kwamba nisipofungua mdomo mimi, kazi yake ya miaka yote itaishia kufungiwa njugu sokoni. Sikuwa nimezoea kumjibu baba.

"Baba," nikasema, "kabla hazijatoka, sikiliza moja. Ni ya Omari wa Siyu. Ulimsomesha wewe."

Baba akaketi. Omari alimkumbuka vizuri. Aliletwa Lamu mdogo kusoma kwetu, mtoto mwepesi wa kuhifadhi, kisha alipokua akaenda Mombasa kufanya kazi bandarini. Homa ikamuua huko kabla hajaoa, akazikwa huko huko. Siyu walisema kijana yule alipotea, kazi yake ilikuwa kuzurura kwenye sinema mpaka akamsahau mamake.

Nikasoma. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mjane mshona viatu vya ngozi ambaye mwanawe anashikwa na ugonjwa mkali. Anambeba mgongoni kwenda kutafuta mashua ya kumpeleka Lamu kwa daktari. Anafika mkononi mwa bahari, maji yamekupwa, mashua imekwama mbali huko nje. Kungoja maji yajae ni kumngoja mtoto afe. Basi anaingia matopeni kati ya mikoko, matope yanamfika kiunoni, anakwenda. Mtoto analia, naye anamwambia, "Usilie, tumekaribia." Omari alikuwa ameandika kwamba hapo picha isionyeshe uso wa mama, ionyeshe miguu tu inavyong'oka matopeni na kuzama tena.

Nilipomaliza, baba alikuwa anatazama mikono yake.

"Mamake yu hai?" akauliza.

"Yu hai, yuko Siyu. Anaitwa Bi Mize."

"Ameisikia hii?"

"Nani angemsomea, baba?"

Akainuka. "Basi haziwezi kutoka mpaka mama huyu asikie. Jitayarishe, nitakwenda nawe."

Mjomba akatusihi jambo moja tu. "Nendeni," akasema, "lakini mswada huo urudi. Duniani hakuna mwingine."

Tukapanda mashua hadi mkono wa bahari ulio karibu na Siyu, kisha tukashika ndia kwa miguu. Bi Mize tulimkuta mlangoni pake anashona viatu, mwanamke mwembamba, mgongo umepinda lakini mikono bado ina nguvu. Baba akamwamkia kwa heshima, akamweleza tulichokuja nacho. Hakutuamini upesi.

"Omari aliandika?" akauliza. "Nimeambiwa hakufanya kitu huko."

"Aliandika, Bi," baba akamjibu. "Nami nilimsomesha, naijua akili yake."

Nikamsomea pale pale. Aliendelea kushona kwa muda, kisha sindano ikasimama. Nilipofika matopeni, kwenye yale maneno ya mama, akanyoosha mkono kunizuia.

"Sivyo nilivyonena," akasema.

Sikuelewa. Nikadhani nimesoma vibaya.

"Mwanamke huyo ni mimi," akasema. "Na kijana ni yeye. Lakini sikumwambia asilie. Nilimwambia, lia, mwanangu, lia, nikikusikia nayua u hai. Akinyamaza nilikuwa nampiga mapaja ili alie. Yeye alikuwa mgonjwa, hakuweza kukumbuka." Kisha akauliza, kama mtu asiyetaka kusikia jibu baya, "Ameandika kwamba tulifika?"

"Ameandika, Bi. Mlifika."

Akalia basi, nami nikalia, na baba akageuka akatazama barabarani.

Alipotulia akaomba tumwachie zile karatasi. Alisema kaburi la mwanawe hajaliona, na hakurudishiwa kitu chake hata kimoja. Nikamtazama baba aniokoe, lakini baba akasema, "Mjomba wako amekuamini wewe. Amua wewe."

Mwanangu, nilikuwa na maagizo ya mtu aliyetunza karatasi zile mpaka macho yakamharibikia, na mbele yangu nilikuwa na mama wa aliyeziandika. Nikamwambia Bi Mize, "Zitabaki kwako. Nipe kesho niziandike upya, nirudi na nakala."

Tukalala kwake. Asubuhi nikaanza kunakili, lakini kazi ilikuwa kubwa, na mashua ingetuacha. Baba alinitazama akihangaika, kisha akavua kofia, akakunja mikono ya kanzu, akasema, "Lete. Wewe soma, mimi nitaandika. Khati yangu ni nyepesi kuliko yako." Basi mwalimu wa Kurani akakaa kwenye mkeka Siyu akaandika filamu, kwa herufi za Kiarabu, kwa ile khati yake nzuri aliyoitumia kunakili dua. Tulipofika matopeni akaandika maneno ya Omari kama yalivyo. Kisha akamgeukia Bi Mize, akamwomba ayarudie maneno yake, akayaandika pembeni.

Tuliporudi, nilijiandaa kukemewa. Baba akanitangulia. "Shemeji," akamwambia mjomba, "asili amebaki nayo mamake Omari. Hii nimeiandika mimi." Mjomba akazipapasa zile karatasi polepole, kisha akacheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Mwalimu Athmani ameandika sinema," akasema. Baba naye akacheka, na miswada ikahamia kwenye kabati la chumbani kwake, pembeni ya vitabu vyake.

Huko Siyu, Bi Mize hakumwacha mtu anayejua kusoma apite mlangoni pake. Alimketisha, akamwomba amsomee mswada wa Omari, akaita majirani. Mpaka alipofariki, hakuna tena aliyesema Omari alipotea.

Mimi sikuacha kukusanya. Nimefuata miswada Malindi, Unguja, hata kwa wajane ambao hawakujua wana nini ndani ya makasha yao. Sasa wasomi wa vyuo wanakuja kwangu kutoka mbali, na wakiniuliza nina nini kisichopatikana popote, nawapa ile nakala ya Siyu kwa khati ya baba yangu. Naona wanavyoishika. Najivuna, mwanangu, na sioni haya kusema hivyo.

Ninalotaka ulijue ni hili. Kazi ya mtu isiyofika mwisho si takataka. Aliyeiandika alikaa akafikiri, akapenda watu fulani akataka waonekane. Ukikutana na kazi kama hiyo, itunze, hata kama watu wanakucheka. Lakini usiitunze kama mchoyo. Mtafute mwenyewe, au mama yake, au mtoto wake, umsomee. Na ukilazimika kuchagua kati ya karatasi na mtu, mpe mtu, kisha ukae chini unakili.

Mungu akupe macho ya kudumu na mikono isiyochoka, akujaalie watu wema wa kukusaidia kazi yako, na siku utakapoondoka, awepo anayejua ulichokuwa ukikifanya. Amin.